Kakule Malachie Syauswa, Mpiga Picha wa Nyumba ya Ng'ambo

Mapadri, wakwe, majirani wa Butembo, na nyinyi mliopanda lori tangu alfajiri kutoka Beni: aliyelala mbele yenu alitumia miaka arobaini kuwaambia watu "usitikisike". Leo ametii amri yake mwenyewe. Familia inawaomba uvumilivu kidogo isome maisha yake kabla ya udongo.

Kakule Malachie Syauswa alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1961. Baba yake alikuwa marehemu Syauswa Ézéchiel, mkulima wa viazi. Mama yake ni Mama Kahongya, yule aliyeketi pale mbele na shuka ya kahawia, ambaye amekataa kiti cha plastiki na amekataa mwavuli pia. Kwetu jina Kakule hupewa mtoto mwanamume wa nne. Watatu waliomtangulia walikufa wakiwa bado wanabebwa mgongoni, kwa hiyo yeye alifika wa nne akakuta kiti cha mkubwa kiko wazi. Hakukiomba. Na katika jamaa yetu mkubwa ndiye anayesema maneno mazito: anapokea posa za dada zake, anagawa shamba, na mtu akifa ni yeye anayesimama mbele ya ndugu na kutamka kwamba fulani amekufa. Asipotamka, moto wa kilio hauwashwi, hata kama kila mtu anajua. Tunaliandika hili hapa juu kwa sababu ndilo lililomsumbua mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi Luofu, 1967 mpaka 1973, kisha akaletwa Butembo kwa masomo ya sekondari. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumwadhibu kwa mdomo. Mwaka 1977, akiwa mwaka wa nne, Papa Ézéchiel alifariki kwa homa ya siku tano, na Malachie akarudi nyumbani bila diploma. Katika ukoo huu diploma zina tabia ya kulala njiani, lakini yake walau ilikuwa na sababu. Nyumbani alimkuta mdogo wake Mathe, mwenye miaka mitatu, na tangu siku ile Mathe alikula alichokula Malachie. Watu wa Luofu walizoea kuwaona wote wawili ndani ya koti moja, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakienda kuchimba viazi kwenye baridi.

Mwaka 1978 alianza kubeba mizigo ya mpiga picha mmoja hapa Butembo. Akajifunza kusafisha filamu gizani, akajifunza kuwafanya wanene wakae upande, na mwaka 1985 akawa na kamera yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye, mzungu mmoja aliyekuwa akihesabu ndege katika milima ya Lubero alikuwa anarudi kwao, akamwachia lenzi ndefu ya milimita mia nne iliyotengenezwa Ujerumani ya Mashariki. Nchi yenyewe haiko tena kwenye ramani. Lenzi ikabaki. Ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na ilipungukiwa kitu kimoja tu: collier, ile pete ya chuma inayoikumbatia lenzi kiunoni na kuifunga juu ya trépied. Mzungu aliitoa ili kupunguza mzigo, akaipoteza porini. Huenda nyani fulani anaivaa.

Asiyejua kazi atasema pete ni kitu kidogo. Lakini bila pete unalazimika kufunga kamera yenyewe juu ya ile miguu mitatu, na lenzi inabaki inaning'inia mbele kama mbuzi aliyeshikwa masikio. Kamera inainama, nyuzi za lenzi zinachoka, na upepo wa kuzimia mshumaa unatosha kumpa bwana harusi pua mbili. Ukiwa na pete, uzito unakaa katikati, kamera inapumzika nyuma kama abiria, na ukitaka picha ya kusimama unalegeza skrubu, unazungusha lenzi ndani ya pete, unakaza tena. Malachie aliyajua hayo yote. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini alijifanya hayajui. Aliilaza lenzi juu ya mfuko wa maharage, akashika pumzi, akapiga. "Maharage njo collier ya maskini," alikuwa akisema. Na kweli picha zake za mpira na za misa zilikuwa safi, na maharage yaliliwa baadaye.

Lenzi hiyo ndiyo iliyomletea bibi. Jumapili moja ya mwaka 1987, akiwa juu kwa wanakwaya, alimpiga picha msichana mmoja wa safu ya nne akipiga miayo katikati ya mahubiri, mdomo wazi mpaka meno ya nyuma. Wiki iliyofuata alimpelekea picha hiyo nyumbani kwao ndani ya bahasha. Msichana huyo, Emérence, aliitazama, akamtazama yeye.

"Unataka nini juu ya hii?"

"Nichome ao nikupatie?"

"Ukichoma sitakuamini. Ukinipatia ntajua uko na ingine."

Alikuwa nayo nyingine. Walifunga ndoa Butembo tarehe 6 Agosti 1988, na miayo ile iko sebuleni mpaka leo, imetiwa kioo. Mungu aliwajalia Salomon, Kavuo na Eliezer. Mwaka 1993 walihamia Beni, commune ya Ruwenzori, wakafungua studio yenye pazia la maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Beni aliyewahi kuyaona. Mathe aliwafuata. Mama Kahongya naye akaletwa kutoka Luofu mwaka 2012, baada ya kukataa mara tisa.

Mathe hakuoa. Alisema kakao ndiyo bibi yake, haimuulizi ametoka wapi. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya bonde, mashariki mwa mji, na ndani ya shamba kulikuwa na nyumba ndogo ya mabati. Mwaka 2021 vijiji vya upande ule vilikuwa vimekwisha kuhama kwa sababu ya mauaji, na kila mwenye shamba kule alihesabu katika kichwa chake kakao inayooza mtini. Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2021 Mathe alikuja studio na panga na kipande cha mkate, akamwita yaya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Yaya, nalala kule siku mbili. Ya tatu niko hapa."

"Mathe, batu banakufa kule."

"Na hapa banafanya nini?" Kisha, kumtuliza, akacheka. "Ukikuwa na wasiwasi, kamata ile bomba yako, uniangalie toka mulima. Ntavaa shati nyeupe. Utaniona kwa mulango."

Siku ya tatu hakurudi. Wala ya nane. Waliokwenda kule wakarudi walisema hawakumwona. Wengine hawakurudi kusema. Mwezi ulipokatika, ndugu walianza kumtazama Malachie kwa jicho lile. Kwetu aliyepotea bila maiti huzikwa kwa mgomba: unakatwa mgomba wa urefu wake, unafungwa shuka, unateremshwa kaburini, na mama yake anapata pa kulilia. Lakini kwanza mkubwa atamke. Malachie aliwajibu kwamba hatamzika mtu ambaye bado hajamwangalia.

Jumamosi tarehe 20 Novemba alipanda mlima ulio nyuma ya kanisa dogo, pahali ambapo wanajeshi walikuwa na kambi yao. Kutoka pale, ukisimama wima, nyumba ya Mathe inaonekana, umbali wa kilomita mbili na nusu. Ukiketi huoni kitu isipokuwa matete. Kwa hiyo mfuko wa maharage haukufaa. Ilibidi trépied, ikiwa imeinuliwa mpaka mwisho, na kamera juu, na ile lenzi nzito ikining'inia mbele. Mwanajeshi wa zamu alipoona bomba la chuma kwenye miguu mitatu likilenga bonde, alilala chini kwanza, ndipo akauliza kwa Kilingala.

"Vieux, oyo eza nini?"

"Ni appareil photo, kamanda. Natafuta mudogo wangu."

Mwanajeshi alisimama, akajipangusa magoti kama mtu ambaye hakulala chini, akasema atamruhusu ikiwa na yeye atapigwa picha. Ndiyo maana kambi ile yote ilikuwa na picha nzuri kuliko mshahara wake.

Picha ya nyumba ilitoka imetikisika. Kulikuwa na mabati, kulikuwa na kivuli cha mlango, na kando ya mlango kulikuwa na doa jeupe. Malachie aliitoa kwenye karatasi, akaipeleka kwa mama yake. Mama Kahongya aliiweka karibu na pua, halafu mbali, halafu karibu.

"Hii nyeupe?"

"Alisema atavaa shati nyeupe, Mama."

Siku ile katika nyumba ya Beni watu walikula vizuri. Na Jumamosi iliyofuata akapanda tena. Doa lilikuwapo. Jumamosi kumi na moja alipanda, pamoja na Noeli na Mwaka Mpya vilivyoangukia Jumamosi, na kila mara picha ilikuja na ukungu, na kila mara kitu cheupe kilikuwa mlangoni. Ndugu wakamwambia: ikiwa ni yeye, mbona harudi? Malachie akajibu kwamba njia zimefungwa. Wakamwambia: ikiwa si yeye, tamka. Akajibu kwamba picha ikiwa safi atajua, na akijua atatamka. Hilo alilisema mbele ya watu saba, mikono juu ya meza.

Basi akaenda kwa Amisi. Wa Beni wanamjua, fundi wa pikipiki, mwislamu anayefunga Ramadhani na kutukana mwaka mzima, rafiki wa marehemu tangu 1995. Yuko hapa, amesimama karibu na lango. Malachie alimwekea lenzi juu ya benchi, akaeleza anachotaka.

"Unataka mukaba ya mwanamuke munene," Amisi akasema.

"Nataka collier."

"Collier niko nayo. Ya échappement."

Alichukua ile pete inayoshika bomba la moshi la pikipiki, akaipanua, akachomelea chini yake bati nene lenye tundu la skrubu ya trépied. Jaribio la kwanza alikaza kama alivyozoea kukaza pikipiki, na lenzi ya watu ikabanwa, pete ya kulengea ikakataa kuzunguka. Malachie alikaribia kulia. Wakafungua, wakatandika ndani kipande cha mpira wa gurudumu, wakakaza kwa vidole viwili tu. Kisha walitafuta kiuno cha lenzi kwa kuilaza, kamera ikiwa nyuma yake, juu ya mpini wa jembe, wakiisogeza mbele na nyuma mpaka ikatulia bila kuegemea upande. Pale ndipo pete ilipofungwa. Ilichukua siku mbili na chupa nyingi za Fanta. Amisi alikataa kulipwa.

Jumamosi tarehe 5 Februari 2022 walipanda wote wawili. Asubuhi ilikuwa wazi baada ya mvua. Malachie alifunga pete juu ya trépied, akalenga, akaweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akarudi nyuma hatua tatu na kuzuia hata kikohozi chake. Yaliyofuata tunayaandika kama Amisi alivyotusimulia juzi.

"Alikuza picha kwa kioo ya kamera. Akaikuza tena. Nikamuuliza, Papa Salomon, iko nette, iko safi? Akasema, iko nette. Akanipatia mukono, akanishukuru juu ya collier. Miye nikafikiri iko na furaha."

Katika picha ile kila mkunjo wa bati unaonekana. Kitu cheupe ni kipande cha bâche, lile turubai ambalo Mathe alianikia kakao, limenasa kwenye mti wa kando ya mlango. Nusu ya paa imeanguka. Na mbele ya mlango majani yamesimama yamenyooka, marefu kufika kitasani, wala hakuna njia iliyokanyagwa kati yake. Hapakuwa na mtu aliyeingia wala kutoka kwa miezi.

Amisi alimwona akirudi kwenye lenzi. Akalegeza skrubu ya collier nusu mzunguko, akabonyeza kitufe, akaigonga lenzi kwa kidole. Amisi alidhani anaijaribu pete. Picha hiyo ya pili, yenye doa jeupe na ukungu, ndiyo iliyofika mikononi mwa mama yake saa nane mchana.

Hivyo ndivyo alivyoendelea. Mtu aliyewahi kurudisha arusi nzima kanisani kwa sababu ndevu za padri hazikutoka vizuri, sasa alipanda mlima kila Jumamosi na pete nzuri kuliko zote za Kivu ili ailegeze. Agosti 2022 familia ilirudi Butembo, na yeye akasafiri kwenda Beni mara moja kwa mwezi kwa kazi hiyo hiyo. Ndugu walipouliza, alisema picha bado hazijawa safi. Wakachoka kuuliza. Emérence ndiye aliyeikuta ile ya Februari, siku ya kupanga vitu, chini ya makaratasi ya studio. Mpiga picha hakuweza kujizuia kuitoa kwenye karatasi.

"Papa Salomon. Ulijua."

"Ndiyo."

"Na mama?"

"Mama iko na miaka makumi munane na sita. Umuache na mutoto wake."

"Na weye je?"

Malachie aliirudisha picha chini ya makaratasi, na bibi yake hakuigusa tena. Wala hakusema kwa mtu, jambo ambalo katika familia hii ni muujiza unaotosha kupelekwa Roma.

Jumatatu tarehe 11 Machi 2024 alianguka hapa Butembo, akiwa anavaa kiatu. Presha ilikuwa imepanda kichwani. Upande wa kuume ulikufa, na pamoja nao maneno. Alibaki na "ndiyo", na "hapana", na jina la Mathe. Siku nyingi alianza: "Mathe…", akavuta pumzi, akatafuta neno la pili, likakataa. Tulijaribu kumsaidia. Tulimpa "atarudi", akatikisa kichwa. Hakuna aliyethubutu kumpa lile lingine. Dawa zilinunuliwa, sala zilisomwa, na mkono haukurudi. Alifariki hospitalini hapa Butembo Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu, Emérence akiwa amemshika ule mkono mzima.

Jumatano asubuhi familia iliketi kutengeneza karatasi hii mliyo nayo mikononi. Tulipofika kwa majina ya wale alioacha, Salomon aliweka kalamu chini.

"Baba mudogo Mathe, tunamuandika wapi?"

Watu walitazama miguu yao. Ndipo Mama Kahongya, ambaye tulidhani amelala, akauliza ikiwa ile picha safi bado iko.

"Picha gani, Mama?" Emérence akajaribu.

"Ile yenye munanificha. Collier ya Amisi ilifungwa, picha safi ikose kutoka? Shati ya mutu inafuliwa. Inavaliwa, inavuliwa, inaanikwa. Ile nyeupe ilikaa pahali pamoja tangu mwezi ya kumi na moja. Miye nilifua nguo ya batoto saba, ntashindwa kujua?"

Salomon akamuuliza kwa nini basi, kwa miaka yote hiyo, aliendelea kuomba picha.

"Juu ya yaya yake. Alikuwa anarudi na ile picha, macho yake inaniuliza kama naamini. Nikisema inatosha, atafanya nini Jumamosi? Atakaa hapa, atajua." Sauti yake ikawa kali. "Lakini alikuwa mukubwa. Ilikuwa kazi yake kusema, na hakusema. Ameniachia miye mwanamuke muzee kazi ya mwanaume. Andika. Mathe alikufa. Umuweke kule kwa bale balitangulia. Na mukate mugomba."

Emérence aliitoa picha. Mama Kahongya aliitazama mara moja, bila kuipeleka karibu wala mbali, akaigeuza chini.

Kwa hiyo msishangae kuona kando ya jeneza hili kitu kirefu kimefungwa shuka nyeupe, wala msiulize kwa nini kaburi limechimbwa pana. Mathe alikuwa mrefu kuliko kaka yake kwa nusu shubiri, na mgomba umekatwa hivyo. Hatuna habari nyingine ya kuwapa. Hatujui siku, hatujui mkono wa nani, na shamba liko kule kule ng'ambo, na hakuna kati yetu atakayekwenda.

Kakule Malachie Syauswa ameacha mama yake mzazi, Mama Kahongya, mjane wake, Emérence, watoto wake Salomon, Kavuo na Eliezer, wajukuu saba, dada zake wawili wa Luofu, ambao hawakuweza kufika kwa sababu barabara imefungwa, na rafiki yake Amisi, anayeomba tuandike kwamba pete ile aliitengeneza kwa nia njema. Wamemtangulia baba yake Ézéchiel, kaka zake watatu waliokufa wachanga, wasiojulikana kwa sura, na Mathe Syauswa, aliyezaliwa Luofu mwaka 1974, akafa mwaka 2021.

Malachie apumzike kwa amani hapa Butembo. Na Mathe, popote alipoangukia, apumzike kwa amani naye.